Uholanzi inaiuzia Ujerumani vitu vya nani? Jibu kwa dada wa Duisburg

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma masters ya uchumi hapa Duisburg, Ujerumani, mwaka wa pili. Naandika kazi ya mwisho kuhusu biashara ya bidhaa kati ya Ujerumani na Uholanzi na nimekwama. Takwimu za Uholanzi zinasema wameiuzia Ujerumani kiasi fulani, nikifungua za Ujerumani za mwaka huohuo wanasema wamenunua kutoka Uholanzi kiasi kidogo zaidi, tofauti ni makumi ya mabilioni ya euro. Nani anadanganya? Alafu nchi ndogo vile inawezaje kuuza vitu vyote hivyo? Mama yangu amefanya kazi miaka mingi shamba la maua Usa River, na hapa muuzaji wa maua ananiambia mawaridi yake ni ya Uholanzi, roho inaniuma. La mwisho, nina wazo la kwenda Aalsmeer, kwenye mnada wa maua wa Uholanzi, kila Jumamosi na van ya rafiki, nichukue maua niyauze kwenye maduka ya hapa. Wengine wananitisha kwamba siku hizi mpaka umerudi na kuna ushuru. Naomba unisaidie."

Marahaba mdogo wangu. Nikikuelewa vizuri, mabilioni yenyewe wala sio shida, shida ni kwamba hujui ushike karatasi ya nani, na msimamizi wako atakuuliza hilo swali kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Basi nikutoe wasiwasi, hakuna anayedanganya hapo. Ofisi ya takwimu ya Uholanzi, CBS, na ya Ujerumani, Destatis, zote zimeandika ukweli, ila kila moja imejibu swali lake. Mholanzi anaandika mzigo uliotoka kwake umeenda wapi. Mjerumani anaandika kitu kilichoingia kwake kilitengenezwa wapi. Kwa mzigo unaopita Rotterdam, bandari ya Uholanzi, hayo mambo mawili yanaachana mbali sana.

Chukua kontena moja la pasi za umeme kutoka China. Meli imefika Rotterdam, kontena limeshushwa. Hapo lina njia tatu za kufika Dortmund, na pasi ni zilezile.

Kontena linaweza kupita na lakiri yake bila kufunguliwa, kwa karatasi za transiti, ushuru ukalipwe Ujerumani. Hii unaijua, ni kama yale magari ya IT unayoyaona yanakimbia barabara ya Morogoro kwenda Tunduma, yamepita Tanzania lakini hayajawahi kuwa ya Tanzania. Kwenye hesabu za biashara za Uholanzi hilo kontena halionekani kabisa, Ujerumani inaandika imenunua China, mambo safi.

Au kampuni ya Uholanzi inazinunua zile pasi, inalipia ushuru palepale, inaziweka kwenye ghala lake upande wa Venlo, mji wa Uholanzi ulio mpakani na Ujerumani, inabandika maelezo ya Kijerumani, inaongeza faida yake kidogo na kumuuzia mwenye maduka Dortmund. Hapa CBS inaandika mara mbili, Uholanzi imenunua China, Uholanzi imeiuzia Ujerumani. Hiyo ndo kuuza tena nje, wenyewe wanaita wederuitvoer. Destatis kwenye jedwali lake la kawaida inaangalia pasi, inaona imetengenezwa China, inaandika China. Umeona pengo linavyozaliwa? Mmoja ameandika "nimekuuzia" na mwenzake hajaandika "nimenunua kwako", na wote wako sahihi.

Njia ya tatu ndo inayoliza wanafunzi. Mwenye pasi ni kampuni isiyo na ofisi Uholanzi, labda ya Ujerumani yenyewe au ya Marekani, inaajiri wakala Rotterdam awe mwakilishi wake wa kodi, wakala anatoa mzigo bandarini kwa karatasi za Uholanzi, lori linapakia linaondoka. Hakuna Mholanzi aliyewahi kuzimiliki hizo pasi hata kwa saa moja. CBS kwenye takwimu zake za kitaifa inaziacha nje. Lakini Eurostat, ambayo inakusanya takwimu za Ulaya nzima, kanuni yake inasema mzigo ukishaingizwa rasmi kwenye soko la Umoja wa Ulaya kupitia Uholanzi na ukaendelea Ujerumani, unahesabiwa umeingia Uholanzi na umeuzwa na Uholanzi. Kwahiyo utakuta namba ya CBS, namba ya Destatis, alafu namba ya Eurostat ya Uholanzi ambayo ni kubwa kuliko ya CBS, na utadhani unaota. Yote hii kwa pamoja wachumi wanaiita athari ya Rotterdam.

Kuna vijisababu vingine vidogo, sitakaa navyo sana. Tangu 1 Januari 1993 ndani ya soko la pamoja hakuna karatasi za forodha mpakani, kampuni zenyewe ndo zinaripoti kwa mfumo unaoitwa Intrastat, na za chini ya kiwango fulani haziripoti, zinakadiriwa. Mwezi mzigo ulipotoka unaweza usiwe mwezi uliofika. Gharama ya usafiri inaingia upande mmoja na upande wa pili haiingii. Viandike kwenye aya moja ya kazi yako, vinatosha.

Kwa jedwali la kutumia: kama swali lako ni Ujerumani inategemea viwanda vya Uholanzi kiasi gani, chukua Destatis kwa nchi ya asili. Kama ni Uholanzi inaishije kwa Ujerumani, chukua CBS, na usichukue jumla peke yake, wao wanatenganisha kilichotengenezwa Uholanzi na kilichouzwa tena, utenganishe na wewe. Eurostat itumie ukitaka kulinganisha nchi nyingi kwa kanuni moja. Usichanganye mbili kwenye mchoro mmoja hata kama zinapendeza, msimamizi mwenye macho atakurudisha mwanzo.

Kwanini kutenganisha ni muhimu hivyo? Bidhaa zinazouzwa tena ni karibu nusu ya mauzo yote ya bidhaa ya Uholanzi kwenda nje. Na CBS wenyewe wamepiga hesabu ya kinachobaki mfukoni: kwa kila euro ya kitu kilichotengenezwa nyumbani inabaki zaidi ya nusu euro, kwa kila euro ya kitu kilichouzwa tena zinabaki senti 10 hivi. Kwahiyo mtu anayekuambia Uholanzi inaiuzia Ujerumani kupita kiasi, muulize ni euro ya aina gani hiyo. Bilioni ya pasi na bilioni ya mashine sio kitu kimoja, ni kama kulinganisha dalali na mwenye kiwanja kwa kuangalia bei iliyoandikwa kwenye mkataba.

Sasa nchi ndogo inawezaje. Wewe uko Duisburg, toka nje tembea mpaka mtoni, jibu linapita pale mbele yako. Rhein inashuka kutoka Uswisi, inapita katikati ya viwanda vya Ujerumani, na inaingia baharini Uholanzi. Rotterdam ni bandari kubwa kuliko zote Ulaya, mizigo inayopita kwa mwaka ni zaidi ya tani milioni 400, na Duisburg yako inahesabiwa bandari ya ndani kubwa kuliko zote Ulaya. Meli ya kawaida ya mtoni ya mita 110 inabeba kama tani 3,000, hapo umeokoa malori 120 barabarani. Madini ya chuma ya tanuri za Duisburg yanapandishwa na boti la kusukuma lenye matishari mpaka sita yamefungwa pamoja, ukiliona unaweza kudhani ni kisiwa kinatembea. Na mto wenyewe haulipiwi, mkataba wa Mannheim wa 1868 uliweka uhuru wa kupita Rhein bila tozo na bado unafanya kazi mpaka leo. Ongeza bomba la mafuta ghafi kutoka Rotterdam mpaka viwanda vya kusafisha upande wa Rhein, na reli ya Betuwe ya mizigo tu, kilomita 160, iliyofunguliwa 2007. Jiografia imemaliza nusu ya kazi hapo.

Ila mto nao una siku zake. Pale Kaub, juu kidogo ya Koblenz, kuna kipimo cha maji ambacho watu wa mizigo wanakiangalia kila asubuhi kama sisi tunavyoangalia bei ya dola. Oktoba 2018 kilishuka mpaka sentimita 25 (sio kina chote cha mto, ni alama ya kipimo, watu wengi wanakosea hapa), meli zikawa zinapita na mzigo kiduchu tu, na BASF, kampuni kubwa ya kemikali ya Ludwigshafen, ikasema ukame ule umeigharimu kama euro milioni 250. Agosti 2022 hali ikajirudia. Ukiona mauzo ya kemikali au mafuta yameyumba kwenye miezi hiyo usikimbilie kuandika uchumi umedorora, angalia maji kwanza.

Nusu ya pili ya jibu ni karatasi, na hapa ndo Waholanzi nawavulia kofia. Nyumbani unajua maumivu yake: unaingiza mzigo Dar, VAT asilimia 18 unailipa kabla hujautoa bandarini, hela inakaa serikalini wakati bidhaa hujauza hata moja. Uholanzi wana kibali kinachoitwa cha kifungu cha 23, ukiwa nacho VAT ya kuingiza mzigo hulipi bandarini, unaiandika kwenye ritani yako na kwenye ritani hiyohiyo unaikata, hela haitoki. Kampuni isiyo na ofisi kule inakipata kupitia yule mwakilishi wa kodi niliyemtaja. Ujerumani nayo imesogeza mbele tarehe ya kulipa, lakini bado unalipa alafu unarudishiwa. Ndo maana kontena la mtu wa Köln linatolewa Rotterdam, hesabu ya hela tu. Na serikali ya Uholanzi haichukii, kwa sababu nchi inayokusanya ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya inabaki na asilimia 25 kama gharama za kukusanya, zinazobaki zinaenda Brussels.

Lakini usije ukaandika kwamba Waholanzi ni madalali watupu, hapo utakuwa umewaonea. Kuna vitu vyao kabisa. Nyanya, pilipili hoho, jibini, nyama, kemikali. Miaka ya 90 Wajerumani walikuwa wanaziita nyanya za Uholanzi mabomu ya maji, yani kubwa, nyekundu, ladha hamna, wakulima wakatukanwa mpaka wakabadilisha mbegu na kuanza kuuza zile zinazokuja na kikonyo chake, soko likarudi. Gesi nayo, kwa miaka mingi gesi ya Groningen ilikuwa inapika chakula na kupasha nyumba za kaskazini magharibi mwa Ujerumani, huko uliko, mpaka matetemeko ya ardhi yakawachosha wenyeji na uchimbaji ukasimamishwa 1 Oktoba 2023. Ukichora mstari wa thamani ya mauzo, sehemu ya mlima wa 2022 ni bei ya gesi na mafuta kupaa tu, sio bidhaa kuongezeka. Toa hilo kabla hujasifia chochote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ASML ya Veldhoven, wale wanaotengeneza mashine za kuchapa chipu za kompyuta. Mashine yao kubwa ina vioo vya Zeiss kutoka Oberkochen na leza za Trumpf kutoka Ditzingen, zote Ujerumani. Vioo vinavuka kwenda Uholanzi, vinahesabiwa mauzo ya Ujerumani, vinaingia kwenye mashine, mashine inauzwa Taiwan au Korea na yote inaandikwa mauzo ya Uholanzi. Na ASML ina asilimia 24.9 ya tawi la Zeiss linalotengeneza hivyo vioo. Sasa hapo niambie nani anamuuzia nani. Ndo maana ile hadithi ya kwamba nchi yenye mauzo madogo "imeshindwa" siipendi hata kidogo, baina ya hawa wawili bidhaa zinazidi euro bilioni 200 kwa mwaka kwenda na kurudi, sehemu kubwa ni vipande vya kitu kimoja kinachotengenezwa nyumba mbili, na sarafu ni moja, hakuna wa kushusha thamani ya hela yake amkomoe mwenzake.

Haya, mawaridi ya mama. Nakuelewa kabisa. Ua likikatwa Usa River mara nyingi linapakiwa kwenye lori lenye baridi, linavuka Namanga, linarushwa kutoka Nairobi, linashuka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na usiku huohuo au kesho yake liko Aalsmeer. Kule mnada unaenda kinyume na wa kwetu, saa inaanza bei ya juu inashuka, wa kwanza kubonyeza ndo kanunua. Muuzaji wa Kiholanzi akishalinunua akalipeleka Duisburg, CBS inaandika Uholanzi imeuza tena ua Ujerumani. Kwa Destatis asili inabaki Tanzania, kama ingebaki Kenya kwa ua la Naivasha. Hata kwa forodha asili ndo inayohesabika: la Tanzania linaingia bila ushuru kwa sababu sisi tuko kwenye kundi la nchi maskini zaidi, la Kenya linaingia bila ushuru kwa mkataba wao na Umoja wa Ulaya ulioanza kufanya kazi 1 Julai 2024. Wakenya walishaonja upande wa pili, Oktoba mpaka Desemba 2014 msamaha ulikatika na wakawa wanalipa. Kwahiyo muuzaji wako hasemi uongo wa makusudi, anasema alikonunua yeye. Siku nyingine muulize yamelimwa wapi, sio yametoka wapi, uone atakavyokuna kichwa.

Tuje kwenye van. Mpaka haujarudi kwa maana unayotishiwa. Ujerumani ilianza ukaguzi wa muda kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu 16 Septemba 2024, Uholanzi ikafuata 9 Desemba 2024, lakini wanakagua watu, vibali na pasi zao, sio ushuru wa bidhaa. Maua yakishaingia Umoja wa Ulaya yanavuka bure. Maua ya kukatwa hayahitaji hata pasipoti ya mmea, hiyo ni kwa mimea ya kupandwa, ya kwenye vyungu na miche. Wewe mwenyewe ndo beba pasi yako na kadi yako ya ukaaji.

Kinachonitisha mimi ni kingine kabisa. Upo kwa kibali cha mwanafunzi. Sheria ya sasa inakuruhusu kuajiriwa siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka, ila kujiajiri ni habari nyingine, unahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kabla hujauza hata shada moja. Hili usiniulize mimi wala mtu wa kikundi cha WhatsApp, weka miadi uende mwenyewe na barua ya kueleza biashara yako, upate jibu kwa maandishi. Nimeona watu wenye akili zao wamejiharibia kibali kwa biashara ya faida ya euro mia mbili.

Wakikuruhusu, kuna kodi. Ukisajili biashara na ukapata namba ya VAT ya Ujerumani, muuzaji wa Kiholanzi anakuuzia kwa VAT sifuri, na wewe unajitangazia VAT ya Ujerumani, maua ni asilimia 7, alafu unaikata. Mtego uko hapa: watu wadogo wanashauriwa kuchagua mpango wa mfanyabiashara mdogo usio na VAT, mzuri kweli kwa karatasi, lakini kwenye mpango huo ukinunua kwa namba ya VAT ile asilimia 7 unailipa na huikati, na ukinunua bila namba unalipa asilimia 9 ya Kiholanzi na hairudi. Kwenye biashara ya faida nyembamba hiyo ndo faida yenyewe imeondoka. Lipia saa moja ya mshauri wa kodi, Steuerberater, na kabla ya hapo nenda chemba ya biashara ya hapo Duisburg, IHK, wana ushauri wa kuanzia kwa wanaofungua biashara.

Na biashara yenyewe, nikuambie ukweli usiniweke moyoni. Jumamosi Aalsmeer hakuna mnada, ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Huwezi kuingia tu na van ukabonyeza saa, mpaka usajiliwe kama mnunuzi na uweke dhamana. Na maduka ya Duisburg yanahudumiwa tayari na Waholanzi wenye malori, wanapita duka kwa duka, mwenye duka anapanda ndani anachagua, wamefanya hivyo miaka na miaka na bei zao huziwezi kwa van moja. Ukishindana nao kwa mawaridi ya kawaida watakumaliza mwezi wa pili. Ninachokiona kinawezekana ni kidogo: kuwa na wateja wachache unaowajua, harusi na misiba ya jamii yetu, makanisa, watu wanaotaka kuambiwa hili ua limelimwa Arusha na shamba lake ni hili. Hapo huuzi bei, unauza maelezo, na maelezo hayo Mholanzi wa lori hana.

Kwa kiasi hicho huna haja ya Aalsmeer hata. Karibu na Venlo, upande wa Ujerumani, kijiji cha Herongen, kuna mnada wa Rhein-Maas, ulioanzishwa kwa ushirika wa Waholanzi na Wajerumani, ni kama kilomita 50 kutoka kwako wakati Aalsmeer ni 200 hivi. Anza kwa kuulizia jumla pale na kwa wauzaji wa jumla wa jirani wanaouzia watu wadogo. Nenda alfajiri na uvae koti zito, mle ndani ni baridi kama friji.